Mbao za Sandy zilikwenda wapi

Umeme ulikatika msumeno ukiwa umeshaanza kupasua.

Nilikuwa Ngamiani, Tanga, barazani kwa shangazi yangu, nikimsomea hadithi kwenye simu. Hadithi yenyewe ni ya Kiingereza, tena Kiingereza cha watumwa wa Carolina Kaskazini kilichoandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hiyo nilikuwa nafasiri huku najikwaa. Yeye alikuwa anachambua mchele wa vitumbua vya kesho. Giza lilipoingia hakuinuka kutafuta taa. Alisogeza ungo pembeni akasema, "Endelea, wewe si una mwanga wako."

Nikaendelea. Mke amefungwa kwenye nguzo ya kiwanda cha mbao, anatazama gogo likipasuliwa, na gogo hilo ni mumewe. Nikasoma mpaka mbao zikatoka, zikajengewa jiko, jiko likaanza kuugua usiku, watumishi wakakataa kuingia, jiko likabomolewa, mbao zilezile zikajengewa shule.

Hapo Shangazi akanikatisha.

"Huyo mzee anayehadithia, hilo jengo analitaka yeye."

Sikuwa nimefika mwisho. Zilibaki kurasa mbili, na ni ndani ya hizo mbili ndimo msomaji anapogundua kwamba mzee analitaka jengo. Mimi niliposoma mara ya kwanza sikuona kitu. Mara ya pili niliona kwa mbali, na ilibidi nisome mhakiki mmoja ndipo nikaridhika kwamba sikuota. Shangazi aliyeishia darasa la nne alilijua gizani.

Hii ni wiki ya sita, na maneno yale hayajanitoka.

Mume aliyetaka kuwa mti

Hadithi inaitwa "Po' Sandy". Aliyeiandika ni Charles Chesnutt, Mmarekani Mweusi wa Cleveland, na ilitoka katika jarida la Atlantic Monthly mwaka 1888. Ngozi yake ilikuwa nyeupe kiasi kwamba angetaka angejipitisha kuwa Mzungu, na wasomaji wengi wa jarida hilo wakati ule hawakujua kwamba anayewasimulia ni Mweusi. Liweke hilo akilini, litarudi.

Sandy ni mtumwa hodari wa kazi, na uhodari huo ndio uliomponza. Watoto wa bwana wake, kila mmoja aliyeanza maisha yake, anamtaka Sandy. Bwana, asijue ampe nani amnyime nani, anawaazima wote: mwezi huku, mwezi kule. Siku moja Sandy anarudi kutoka kuazimwa na kukuta mkewe amebadilishwa na mtumwa mwingine. Bwana anampa dola moja ya kumpoza.

Dola moja.

Baadaye anampata Tenie, wanapendana, na hofu ya kuazimwa tena inamjaa mpaka anasema afadhali angekuwa mti, au kisiki, au jiwe, chochote kisichohamishika. Tenie anamwambia: hilo naliweza. Anamgeuza msonobari. Mchana ni mti, usiku anamrudisha kuwa mtu wakae pamoja. Kigogota anatoboa gome, na jioni Sandy anakutwa na kidonda mkononi. Wagema utomvu wanachanja shina, na jioni mguu wake umechunika. Kisha Tenie anatumwa ghafla mbali kumuuguza mgonjwa wa ukoo wa bwana, na huku nyuma bwana anaamua kwamba anahitaji jiko jipya.

Tenie anaporudi anakuta kisiki kinachuruzika.

Nimesoma hadithi nyingi za kutisha, za mizuka na maiti wanaotembea, lakini sijui nyingine ambayo ndani yake jambo la kutisha linafanywa na watu wasio na kinyongo hata kidogo. Bwana anataka jiko. Waliotumwa kukata ni watumwa wenzake Sandy, nao wanashangaa tu kwa nini mti huu mgumu hivi. Hakuna aliyekusudia. Hakuna anayejua, isipokuwa yule mwanamke aliyefungwa kwenye nguzo, na wote wanamwona ana wazimu.

Anayesimulia yote haya ni mzee Julius, mtumwa wa zamani. Wasikilizaji wake ni Mzungu na mkewe waliotoka Kaskazini wakanunua lile shamba baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Mke anataka jiko jipya, na mume anapanga kutumia mbao za ile shule kuukuu. Mke akishasikia habari za Sandy, hazitaki tena mbao hizo. Hazipiti siku nyingi, Julius anaomba jengo lilelile liwe mahali pa ibada kwa kundi lake lililojitenga kanisani. Na mzimu je? Mizimu haisumbui ibada, anasema Julius, na Sandy akipotea njia akaingia, mahubiri yatamfaa.

Shangazi alicheka mpaka akashika mbavu.

"Si nilikwambia?"

Kamloga nani?

Lakini kulikuwa na jambo jingine kabla ya hapo, dogo, na ndilo lililonitesa zaidi.

Pale Tenie anapofichua ujuzi wake kwa mumewe, Kiingereza kina neno moja tu la kumwita, na neno hilo halichagui upande. Mimi nilifasiri upesi, bila kufikiri: "Akamwambia, mimi ni mchawi."

Mikono ya Shangazi ikasimama juu ya ungo.

"Mchawi? Kamloga nani?"

Nikanyamaza.

"Mtu anamficha mumewe asichukuliwe, unamwita mchawi? Huyo mganga. Soma vizuri, mwanangu."

Nikasahihisha, tukaendelea. Usiku kitandani nikajiuliza kwa nini neno la kwanza lililonijia mdomoni lilikuwa lile. Mwanamke, ana siri, anageuza watu: mchawi. Sikuhitaji hata ushahidi. Lugha yangu ilikuwa imenipa milango miwili, nami nikaingia ule wa kumshtaki mtu, kwa sababu ndio ulio wazi siku zote.

Mtu aliyefundishwa kusoma

Niliporudi Dar nilijaribu kujitibu kwa njia ninayoijua, yaani kusoma. Nilitaka kujua kwa nini hadithi hizi za Wamarekani Weusi zinarudi kwenye jambo moja: mwili unaochukuliwa kabla au baada ya kufa ukafanyiwa kazi ya mtu mwingine. W. E. B. Du Bois, ambaye wengi tunamjua kwa siasa za Umoja wa Afrika, aliandika mwaka 1920 hadithi ya nyota yenye mkia inayoua New York nzima. Miongoni mwa wachache wanaopona ni tarishi Mweusi, kwa kuwa alikuwa ametumwa kwenye vyumba vya chini kabisa vya benki, mahali walipoona ni hatari mno kwa mtu wa thamani. Miaka 72 baadaye profesa wa sheria Derrick Bell akaandika ya wageni kutoka angani wanaoiahidi Marekani dhahabu, dawa ya kusafisha mazingira na nishati salama, mradi wapewe Weusi wote. Inapigwa kura. Wanapewa. Jordan Peele alipotoa filamu yake ya kwanza mwaka 2017, ile ya wazee matajiri wanaohamishia bongo zao katika miili ya vijana Weusi, ulimwengu ulisema ni jambo jipya. Shangazi angeuliza tu mbao zilikwenda wapi.

Nikiwa katika kusoma huko nikakutana na Augusta.

Mwaka 1989, katika jengo la zamani la chuo cha udaktari mjini Augusta, jimbo la Georgia, mafundi wa ukarabati walikuta maelfu ya mifupa ya watu chini ya sakafu. Mingi ilikuwa ya Weusi. Ilitokana na masomo ya karne ya 19, ambapo wanafunzi walihitaji maiti za kupasua na sheria haikuwapa.

Mwaka 1852 walimu wa chuo hicho walikwenda Charleston wakanunua mtu. Jina lake Grandison Harris.

Kazi yake ilikuwa kwenda usiku kwenye makaburi ya Cedar Grove, walikozikwa Weusi, kufukua kaburi bichi, kumtoa maiti na kumpeleka chuoni.

Georgia ilikataza kwa sheria kumfundisha mtumwa kusoma.

Huyu walimfundisha.

Walimfundisha ili asome matangazo ya misiba, ajue nani kafa na kazikwa wapi.

Nimeandika sentensi hizi mojamoja kwa sababu ndivyo nilivyozimeza. Nilikuwa kwenye daladala nikasahau kushuka kituoni. Mimi ni mtu niliyelelewa kuamini kwamba kusoma ni mwanga na kusoma ni ufunguo, unajua nyimbo zile za shuleni. Na hapa kuna mtu ambaye herufi zilipewa kazi moja: zimwoneshe jirani gani wa kufukua. Hakuna mtunzi wa hadithi za kutisha angethubutu kubuni hilo. Angeambiwa amezidisha.

Sasa mrudie mzee Julius. Hana shamba, hana haki ya kisheria juu ya ubao hata mmoja katika jengo lile. Alicho nacho ni kumbukumbu ya nani amo ndani ya mbao, na anaitumia kama hati ya nyumba.

Ule ule uvumi

Weusi wa Marekani wa zama zile walikuwa na jina la watu kama walimu wale wa Augusta: madaktari wa usiku. Usipite karibu na hospitali giza likiingia. Watakuziba pumzi, watakubeba, watakupasua. Wataalamu waliwacheka, mpaka mifupa ikatoka chini ya sakafu.

Wewe msomaji wangu wa Tanga, Mombasa au Kigoma huhitaji nikwambie hiyo ni nini.

Ni mumiani.

Kamusi ya Kiswahili na Kiingereza ya mwaka 1939, ile tuliyozoea kuiita ya Johnson, inalieleza neno hilo kwanza kama dawa nyeusi mfano wa gundi itokayo Uajemi, ya kutibu mivunjiko. Kisha inaongeza kwamba wenyeji wengi huamini ni damu ya watu iliyogandishwa, na kwamba uvumi wake ukizuka mji mzima hujifungia jua likitua. Nairobi na Uganda waliambiwa wanaochukua damu hiyo ni wazimamoto wenye magari mekundu. Katanga, kule Kongo, waliwaita batumbula. Kwetu Tanga, alinihadithia babu, vibarua wa mkonge waliogopa gari lolote lililosimama barabarani usiku bila taa. Vibarua hao waliitwa manamba, kwa kuwa waliandikwa kwa namba. Sioni ajabu kwamba watu waliopewa namba badala ya majina walidhani damu yao inakwenda mahali.

Nilifurahi sana na uvumbuzi wangu huu. Nilianza kuandika makala nyingine kabisa, yenye kifua mbele, kwamba sisi nasi tulikuwa na hadithi zetu za kutisha, kwamba mumiani ni hoja ya kisiasa iliyovaa kanzu ya hadithi, kwamba bibi zetu walikuwa wahakiki wa ukoloni. Nilifika aya ya tisa.

Kisha nikasoma mambo mawili yaliyoniharibia.

La kwanza: Gladys-Marie Fry, mtafiti Mweusi wa ngano aliyekusanya kumbukumbu za wazee, alionesha kwamba habari za madaktari wa usiku zilienezwa pia na Wazungu wenye mashamba. Waliwatisha vibarua Weusi wasihamie mijini. Mji una madaktari wa usiku, baki hapa ulime. Hadithi ileile, herufi kwa herufi, mdomoni mwa bibi anayelinda wajukuu na mdomoni mwa bwana anayelinda mavuno yake.

La pili lilitokea hapa kwetu. Mwaka 1959, Buguruni, Dar es Salaam, uvumi wa mumiani uliishia kwa ghasia na mauaji. "Hoja ya kisiasa" yangu ilikuwa imeua.

Makala ile ya kifua mbele niliifuta.

"Kwetu yupo kama huyu"

Hapa ndipo sikutaka kufika, na ndiyo sababu nimezunguka Georgia na Katanga.

Mwaka juzi niliandika hadithi fupi ya kutisha. Baadhi yenu mliisoma hapahapa. Ilikuwa ya bibi mmoja anayekaa nyumba ya mwisho mtaani, peke yake, asiyesalimia, mwenye macho mekundu. Watoto wanaanza kuugua. Sitasimulia iliyobaki. Niliiandika vizuri, na bado naamini hivyo. Sentensi zilikaza. Watu waliinakili wakaipeleka kwenye makundi ya WhatsApp, nami nilikuwa naona jina langu linafika mikoa ambayo sijakanyaga.

Siku moja msomaji mmoja aliniandikia ujumbe wa maneno manne.

"Kwetu yupo kama huyu."

Nilimjibu kwa emoji ya kucheka. Niliona nimefaulu, kwani mwandishi wa hadithi za kutisha anataka nini zaidi ya msomaji kugeuka kuangalia dirishani?

Kila Mtanzania anajua macho mekundu yamewagharimu nini vikongwe wa Usukumani, walioitwa wachawi wakauawa. Sina haja ya kueleza. Tunajua pia kwamba macho hayo ni ya moshi, ya miaka arobaini ya kuinamia kuni na samadi katika jiko lisilo na dirisha. Nilijua yote hayo siku niliyoandika. Nilihitaji alama ya haraka ya kumwambia msomaji "ogopa", nikaokota iliyokuwa karibu. Mlango ulio wazi.

Chesnutt naye alikuwa na milango hiyo. Wasomaji wake walikuwa Wazungu waliozoea hadithi za shambani zenye wazee wachekeshaji na uchawi wa Kiafrika wa kusisimua. Angeweza kumfanya Tenie kuwa kitu cha kuogopwa na wangemshangilia. Katika hadithi yake mwenye nguvu za giza ndiye mtu pekee anayestahili kuhurumiwa, na kinachotisha ni kiwanda cha mbao, mchana kweupe, kikifanya kazi yake ya halali.

Nimejaribu kujitetea. Hadithi ni hadithi. Msomaji ana akili. Ukianza kuogopa kila neno utaandika vipeperushi vya afya ya jamii, na Mungu atunusuru na hadithi za kutisha zilizoandikwa na kamati. Utetezi huu ni wa kweli, nausimamia. Ila kila nikiurudia, yale maneno manne yanakaa pale yananitazama. Sijui mtaa wenyewe ni upi. Niliutafuta ule ujumbe niulize, nikakuta akaunti imeshafungwa.

Nimeiondoa hadithi hapa. Kwenye simu za watu siwezi kuiondoa.

Alfajiri

Jumamosi iliyopita nilirudi Tanga. Nilimkuta Shangazi uani saa kumi na moja alfajiri, kikaango kimeshika moto, anageuza vitumbua kwa kijiti. Kuni zilikuwa mbichi. Nilimwamkia, akaitikia bila kuinua uso kwa sababu moshi ulikuwa unamwelekea, kisha akainua, akajifuta kwa upindo wa kanga.

Nimemwona mwanamke huyu akifanya hivyo tangu sijui kutembea. Sikuwahi kuyaangalia macho yake.

Nilimweleza kila kitu, hadithi ya bibi, sifa nilizopata, ule ujumbe. Nilidhani atanikemea. Alitoa vitumbua sita, akamimina vingine sita, akasubiri vitokote pembeni.

"Yule mzee alitaka jengo," akasema. "Wewe ulitaka nini?"

Nilisema ukweli. Nilitaka kusomwa.

Hakuitikia. Mteja wa kwanza aligonga mlango wa nyuma na bakuli lake, akahudumiwa, wakaulizana hali za wagonjwa, akaenda. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kibao cha mbuzi, nakula kitumbua ambacho sikustahili.

"Alipewa?" akauliza baadaye.

"Nani?"

"Mzee. Jengo lake."

"Alipewa."

"Wanasali humo?"

"Wanasali."

Akafikiri.

"Na Sandy yumo ukutani, anawasikiliza," akasema, akainama kupuliza kuni.